Mashine Inapolia Hewani

Tulikuwa watu saba ndani ya mashua ya futi 25, tunatoka mlango wa Shela, Lamu. Maji yalikuwa yanakupwa kwa kasi na kusi linavuma kutoka nje. Hapo mkondo na upepo vikikutana uso kwa uso, mawimbi huwa mafupi na wima kama ngazi. Nahodha aliwasha mashine, akawatuma vijana wawili omo wakateremshe foromali. Walipofika tu kwenye mlingoti, mashine iliyokuwa ikining'inia shetrini, upande wa kushoto, ikapiga ukelele. Ukelele wenyewe si wa nguvu, ni wa kukosa kazi. Nahodha akapunguza moto, mashine ikanyamaza, mashua ikasimama na mkondo ukaanza kutubeba tusikotaka. Akaongeza moto, ukelele tena. Vijana waliporudi nyuma kusaidia, mashine ikatulia yenyewe na mashua ikaenda.

"Hii ndogo," nahodha akasema kwa hasira. "Nitatafuta ya farasi 15."

Hapo alikosea, na wanaokosea kama yeye ni wengi. Mashua ya tanga haiendi kwa amri ya farasi. Chombo kizito kinaposonga huinua wimbi omoni na jingine nyuma yake, na kadiri kinavyokaza mwendo ndivyo wimbi hilo linavyorefuka, mpaka urefu wake ulingane na urefu wa chombo kwenye usawa wa maji. Kutoka hapo shetri huzama kwenye bonde, omo huinuka, na chombo huwa kinapanda kilima cha maji kilichokijenga chenyewe. Kwa mashua yenye mita 7 majini, kikomo hicho ni kama maili za baharini 6.4 kwa saa, karibu kilomita 12. Mashine ya farasi 6 kama ile yaweza kukikaribia siku ya shwari. Ya 15 haitaivusha mbali. Itakachozidisha ni gharama ya petroli na uzito nyuma.

Kasoro ilikuwa kwenye kipande cha ubao ambapo mashine ile ilipachikwa. Mafundi wa mashine wanakiita breketi, wengine kitako. Ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na mashine, na labda ndiyo maana hukumbukwa mwisho.

Mashine za kupachika hazikuzaliwa kwa ajili ya vyombo vya tanga. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyehamia Marekani, alianza kuziuza Milwaukee mwaka 1909 (inasimuliwa kwamba alichoka kupiga makasia ziwani huku aiskrimu ya mchumba wake ikiyeyuka). Mashine yake ilikusudiwa boti ya makasia: boti fupi, nyepesi, yenye ubao wa nyuma ulio bapa na karibu na maji. Urefu wa mguu ulitokana na umbo hilo, na hadi leo miguu hupimwa vivyo hivyo: inchi 15 mfupi, inchi 20 mrefu, inchi 25 mrefu zaidi. Mashua ina shetri iliyoinuka na msukani katikati, mahali hasa ambapo mashine ingependa kukaa. Ngalawa ndiyo kabisa, nyuma imechongoka. Basi lazima pawe na kitu cha kati cha kuipeleka mashine chini, ilipo kazi yake.

Na kazi yake ni kusukuma maji. Maji ya bahari ni mazito kuliko hewa kwa zaidi ya mara 800. Rafadha, yaani pangaboi, ikikaribia uso wa maji huvuta hewa kutoka juu. Mapanga yakipata hewa badala ya maji hayana cha kushikilia, mashine inazunguka ovyo na kulia. Juu ya rafadha kuna bamba, bapa kama mkia wa papa aliyelala, lililowekwa kuzuia hewa isishuke. Wengi huliita bamba la kuzuia kavitesheni, na jina hilo si lake. Kavitesheni ni jambo jingine: panga likizunguka kwa kasi, shinikizo mgongoni mwake hushuka hadi maji yanachemka bila moto. Kwenye nyuzi 30 za joto, maji huchemka shinikizo likiwa kama sehemu moja ya 24 ya lile la hewa tunayovuta. Charles Parsons wa Uingereza alipambana na hilo kwenye meli yake Turbinia iliyoshushwa majini 1894, akajenga tangi la maji moto na taa ya kumetameta ili ayaone mapovu yakizaliwa. Mashua yetu haikuwa na shida ya Parsons. Ilikuwa inavuta hewa tu.

Kwa nini ivute walipokwenda vijana omo? Chukua karatasi. Mashua hubembea kwa kuzunguka karibu na kiuno chake. Kutoka kiunoni hadi shetri ni mita 3.5. Omo ikiinama kwa nyuzi 5 tu, shetri inapanda sentimita 30. Hiyo ni kwa urefu. Kwa upana, mashine ilikaa sentimita 60 kutoka mstari wa katikati. Mashua ikilala nyuzi 15, mashine iliyo upande wa joshini inainuka sentimita 15 nyingine. Jumla 45. Tofauti ya mguu mfupi na mrefu ni inchi 5, sentimita 13. Unaona kwamba mguu peke yake hauponyi, na kwamba kuisogeza mashine iwe karibu na msukani kadiri iwezekanavyo, bila msukani kuigonga, kunaokoa maji mengi bila kubadilisha mashine nzima.

Kwa hiyo kupima kunaanzia kwenye maji. Chombo kiwe kinaelea, kimebeba watu na mizigo ya kawaida, wala si kikiwa kimelala ufukweni. Mguu mrefu una sentimita 51 kutoka pale unapokaa ubaoni hadi kwenye bamba. Ukitaka bamba lizame 20, ubao wa breketi ikiwa imeshushwa uwe 31 juu ya maji. Juu zaidi utasikia ukelele. Chini zaidi, wimbi la nyuma litaosha kichwa cha mashine.

Lakini mashine ikikaa chini hivyo daima, tanga litakuwa linaburuza rafadha. Ndiyo sababu ya breketi za kupanda na kushuka: mikono minne iliyoungwa kwa pini, pande mbili mbili sambamba, ili mashine ishuke ikiwa wima, na springi za kusaidia kuinua. Hapa uzito ndio swali la kwanza, kabla ya farasi. Mashine ya mipigo minne ya farasi 6 ina kama kilo 25. Springi iliyotengenezwa kwa mashine nyepesi ya mipigo miwili itakuachia mzigo mkononi, na iliyo kali kupita kiasi itarusha mkono juu siku utakapoivua mashine. Tafuta breketi yenye mwendo wa sentimita 35 au zaidi. Boriti iliyolazwa kutoka ubavu hadi ubavu na kipande cha ubao kichwani inafaa ngalawa, mradi ifungwe isizunguke. Mimi binafsi siipendi ile ya kubana kwa skrubu mbili bila boliti, hata iwe ya chuma cha pua kinachong'aa.

Sababu ni hesabu ya wenzo. Farasi 6 husukuma kwa kama kilo 60. Msukumo huo uko chini majini, tuseme sentimita 80 chini ya ukingo wa breketi. Boliti za juu ziko sentimita 20 tu juu ya ukingo huo huo. Rafadha inasukuma mbele, ukingo wa chini unagandamiza shetri, na boliti za juu zinavutwa nje kwa kilo 240. Ongeza uzito wa mashine uliojitokeza nyuma, kama 40. Jumla 280: magunia matatu ya mahindi yananing'inia kwenye boliti mbili, kabla wimbi halijatikisa. Msumari hauwezi. Zipite boliti hadi ndani, na kwa ndani pawe na ubao mgumu mpana na washa kubwa, la sivyo zitazama kwenye mbao polepole na nati italegea bila kuguswa.

Breketi ya alumini na boliti za chuma cha pua ndani ya maji ya chumvi ni betri: alumini inaliwa, unga mweupe ndio damu yake. Weka mpira au plastiki katikati, na grisi. Zaidi ya yote, mashine iwe na kamba yake yenyewe, imefungwa kwenye taruma, kwa sababu skrubu hulegezwa na mtikisiko na mashine haielei.

Fundi wa kijiji cha Matondoni tuliyempelekea mashua hakuigusa mashine. Alilala kifudifudi shetrini, akapima kwa fimbo ya mkoko kutoka ubao hadi maji, akacheka. "Ami, mashine yako yaogopa maji. Umeiweka ghorofani." Alitengeneza kitako kipya sentimita 18 chini, akakisogeza hadi karibu kugusa msukani, akaweka kipande cha mvule kwa ndani.

Tulikijaribu jioni, mahali pale pale. Nahodha alitia moto nusu, akawatuma vijana wale wale omo, na akawaambia wasishike foromali, waruke tu. Wakaruka. Omo ikazama, shetri ikapanda, sote tukiwa tumeinamisha masikio nyuma. Mashine iliendelea kuguruma kwa sauti ile ile.