Zaka Inayotumwa kwa Simu: Je, Imeshafika?

Kila Ramadhani inapokaribia, simu zetu hujaa maombi ya michango. Kundi la WhatsApp la msikiti lina namba yake, la waliosoma pamoja lina yake, na la watu wa wilaya moja waliotawanyika mijini nalo lina yake. Mzaliwa wa Bariadi aliyeko Dar es Salaam, Muscat au London anaweza kuchangia mabati ya madrasa ya kwao kabla chai yake haijapoa. Ni jambo la kheri na hatukusudii kulipinga. Swali letu ni jingine: mtu akituma zaka yake, akapata ule ujumbe unaosema "Imethibitishwa", je, zaka imeshamtoka shingoni?

Ndugu msomaji, jibu la wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika nchi zetu za Afrika Mashariki, ni kwamba haijamtoka. Kilichothibitishwa ni kuwa fedha zimehama kutoka simu moja kwenda nyingine. Zaka ni haki ya watu maalumu waliotajwa katika Suratut-Tawba, aya ya 60, na haihesabiki kuwa imetolewa mpaka imfikie mmoja wao.

Tueleze kwanza jinsi tulivyofika hapa. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007 na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, kisha mitandao mingine ikafuata. Uwezo wake katika kuchangisha ulionekana wazi mwaka 2011 pale Wakenya, kwa kampeni iliyoitwa Kenyans for Kenya, walipochanga zaidi ya shilingi milioni 500 za Kenya kwa ajili ya waliokumbwa na njaa, na wengi wao walituma vijisenti kwa simu. Huko Marekani tovuti ya GoFundMe ilikuwa imeanza mwaka 2010, na mwaka 2013 ikaanzishwa LaunchGood iliyowalenga Waislamu. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi nalo likaunda mfuko wake wa zaka, likaweka sharti kwamba zaka yote imfikie mlengwa na gharama za uendeshaji zitoke kwingine. Sharti hilo tutalirudia, kwani lina asili katika fiqhi.

Sasa tuje kwenye kiini. Yule mwenye namba ya kupokelea michango ana hukumu gani? Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo mawili. Wa kwanza ni amili, yaani mkusanyaji aliyewekwa na kiongozi wa Waislamu. Huyu anapokea kwa niaba ya mafakiri, na mtu akishamkabidhi zaka amemaliza deni lake hata kama itapotea mkononi mwa amili. Wa pili ni wakili, ambaye anasimama mahali pa mtoaji mwenyewe, na mkono wake ni mkono wa mtoaji. Zaka ikiibwa kwake, ikiliwa, au ikikaa miezi sita kwenye simu kwa kuwa kamati haijakutana, mwenye mali bado anadaiwa mbele ya Allah.

Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, chombo cha serikali chenye sheria yake ya mwaka 2007. Tanzania Bara hakuna chombo cha dola kinachokusanya zaka. Kwa hiyo ndugu anayepokea michango ya watu wa Bariadi kwa namba yake, hata awe mwema kiasi gani, ni wakili tu. Hilo halimshushi hadhi, ila linambebesha mtoaji jukumu la kufuatilia. Na ama kuhusu nia, Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) na wenzake wamesema inatosha mtoaji kunuia wakati wa kumkabidhi wakili, na ni bora zaidi wakili naye anuie anapogawa. Hivyo anayetuma na aandike wazi: "hii ni zaka". Akinyamaza, fedha zake zitachanganywa na sadaka na kununulia saruji ya msikiti, na wengi katika wanazuoni hawakubali zaka kujengea msikiti.

Jambo la kuchanganya fedha si la kudhania. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, likaua watu wasiopungua 16 na kubomoa maelfu ya nyumba. Wananchi waliombwa wachange kupitia akaunti ya benki na namba za simu, nao wakachanga. Kabla mwezi haujaisha Rais Magufuli alitengua uteuzi wa maofisa waandamizi kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile rasmi. Kisha likaja la pili. Mwezi wa Januari 2017 serikali ilieleza kuwa nguvu yake itakwenda kwenye miundombinu ya umma kama shule na vituo vya afya, na mwenye nyumba ajijengee. Malalamiko yakawa mengi, kwani waliochanga, wengi wao walikuwa na picha ya mtu aliyelala nje.

Sisi hatuingii katika siasa ya jambo hilo. Tunasema tu kwamba kwa mizani ya fiqhi fedha ya mchango ni amana iliyofungwa na neno la mtoaji. Aliyesema "kwa waliobomokewa" amemwekea wakili mpaka, na wakili hana ruhusa ya kuuvuka hata kwa maslahi anayoyaona makubwa zaidi, ila kwa idhini. Kama anayeomba anataka uhuru wa kubadilisha matumizi, aseme tangu siku ya kuomba. Maneno mawili tu, "na kinachobaki kitatumika kwa kadha", yanaokoa fitina nyingi.

Turudi Simiyu. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, una wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni mbili. Ni nchi ya pamba na ng'ombe. Waislamu huko ni wachache, na jirani mwenye njaa mara nyingi si Muislamu. Kwa hiyo ombi la mchango linalotoka Bariadi lieleze ni la aina gani. Sadaka ya hiari anapewa jirani yeyote, na ina malipo makubwa. Zaka, kwa kauli ya jamhuri ya wanazuoni, huwaendea mafakiri wa Kiislamu. Mkusanyaji asiyeweka mafungu mawili atamdhulumu mmoja wao bila kujua.

Halafu kuna suala la kuhamisha zaka. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh bin Jabal (r.a.) Yemen alimwelekeza kuwa zaka ichukuliwe kwa matajiri wao na irudishwe kwa mafakiri wao. Abu Ubayd katika kitabu chake cha mali anasimulia kwamba Muadh baadaye alimpelekea Sayyidna Umar (r.a.) Madina theluthi ya zaka ya Yemen, na Umar akamkemea, mpaka Muadh alipobainisha kuwa hakuna tena wa kuipokea kule. Kauli yenye nguvu kwa Mashafi ni kuwa zaka haihamishwi mahali ilipo mali maadamu wenye haki wapo. Mahanafi wanaona ni makuruhu tu, na hapana ubaya ikiwa inakwenda kwa jamaa au kwa wenye shida zaidi. Katika Mashafi wenyewe, Ibn Ujayl wa Yemen alifutu kwa kujuzu.

Tazama basi namna hukumu hii inavyopindua mazoea. Mtu anaishi Dar es Salaam na ana ng'ombe 30 huko Meatu. Zaka yake ni ndama mmoja aliyetimiza mwaka, na anayestahiki ni fakiri wa Meatu. Akiitoa Kariakoo ndiyo ameihamisha. Lakini akiba yake ya fedha iko wapi, na hasa ile iliyo ndani ya simu? Rai tunayoiona karibu na usawa ni kuwa inamfuata mwenyewe alipo. Basi mafakiri wa Dar wana haki ya kwanza, na anayetaka kuipeleka Bariadi ajue kuwa anaifuata kauli ya Ibn Ujayl au ya Mahanafi. Ama pamba, Mashafi hawaoni zaka katika mazao yasiyo chakula cha kuwekwa akiba, ilhali Imam Abu Hanifa anaona moja ya kumi katika inayonyeshewa na mvua. Fedha za mauzo yake zikifika nisabu na kutimiza mwaka, hapo hakuna khilafu.

Gharama nazo zina lao. Mafakihi walisema zamani kuwa ujira wa mpimaji nafaka ni juu ya mwenye mali, hautolewi ndani ya zaka. Kwa lugha ya leo: anayetuma zaka ya shilingi 100,000 atume na ya kutolea. Tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021, kabla haijapunguzwa, ilifikia hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Kama ingekatwa katika zaka yenyewe, fakiri ndiye angeilipa. Na mkusanyaji asijikatie "ya vocha" kimyakimya. Mtume (s.a.w.) alimkemea vikali mkusanyaji wa zaka aliyerudi akitenga fungu akisema hili nimepewa zawadi. Anayetaka ujira apangiwe, na utoke katika fungu lisilo la zaka.

Kuhusu usalama, nani asiyejua ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha lisomwe. Namba iwe ya taasisi, si ya mtu, na wawe wawili au watatu wanaoona kinachoingia na kinachotoka.

Limebaki moja, zakatul-fitri. Hii hufuata mahali mtu alipo jua la siku ya mwisho ya Ramadhani linapozama, na kwa Mashafi ni pishi ya chakula kikuu, kadiri ya kilo mbili na nusu, si fedha. Aliyeko Bariadi anaweza kumtumia wakili wa hapo hapo fedha anunue mahindi au mchele kwa niaba yake. Ila wakili ahakikishe kimewafika wenyewe kabla ya swala ya Idi, ambao ndio wakati bora, na kisivuke machweo ya siku hiyo. Mtandao ukikwama usiku wa Idi, mtoaji asilale akingoja ujumbe. Apime chakula cha nyumbani kwake akabidhi kwa mkono.