Jasusi wa kuchekesha hutambulishwaje kabla hajasema neno?

Mtu akichelewa kuingia katika chumba cha video kambini Dzaleka, akaikuta filamu imekwenda dakika tano, huenda akamwona kwenye skrini mwanamume wa suti nyeusi akinyata kando ya ukuta, bastola mkononi. Acheke au atulie? Waliotangulia kuketi tayari wanatabasamu. Hakuna aliyewaambia kuwa hii ni filamu ya vichekesho. Waliambiwa na picha na muziki uliopita mwanzoni, wakati majina ya waigizaji na watengenezaji yalipokuwa yakitokea, sehemu ambayo wengi wetu huitumia kutafuta kiti au kumalizia mazungumzo.

Sehemu hiyo, ambayo hapa tutaiita utangulizi wa majina, hudumu kwa kawaida dakika mbili au tatu. Katika filamu za kijasusi ina uzito kuliko katika aina nyingine nyingi, na katika filamu za kijasusi za kuchekesha ndiyo inayobeba mzigo wote wa kumwambia mtazamaji namna ya kuyapokea yatakayofuata. Kwa watazamaji wa Kiswahili, wawe kambini Dzaleka au jijini Lilongwe, Kauma au kwingineko, utangulizi huo mara nyingi hukatwa, hurukwa au hufunikwa na sauti ya msimulizi. Ndipo linapozuka swali la nani anashika nafasi yake.

Paukwa, pakawa

Jambo lenyewe si geni kwetu. Msimulizi wa pwani akisema "Paukwa" na wasikilizaji wakaitika "Pakawa", kila mtu, hata mtoto, anajua kwamba kuanzia hapo sungura ataweza kusema na fisi ataweza kudanganywa, wala hakuna atakayeuliza kama ni kweli. Wachewa wa Malawi nao wana desturi kama hiyo katika hadithi zao: msimulizi hufungua, na hadhira humjibu "Tilitonse", yaani tuko pamoja. Maneno hayo hayaelezi hadithi itahusu nini. Yanaeleza ni hadithi ya namna gani.

Filamu za kijasusi zilipata "paukwa" yao mwaka 1962, filamu ya kwanza ya James Bond, Dr. No, ilipotoka. Msanii Maurice Binder alibuni ule mwanzo unaotambulika hadi leo: vidoa vyeupe vinapita kwenye skrini nyeusi, kimoja kinakua na kuwa tundu, nasi tunagundua kwamba tunatazama kutoka ndani ya mtutu wa bunduki. Mwanamume anatembea, anageuka ghafla, anafyatua risasi kuelekea kwetu, na wekundu wa damu unateremka. Ili kuipata picha hiyo, Binder alipitisha kamera ndani ya mtutu halisi. Aliyetembea katika toleo hilo la kwanza hakuwa Sean Connery bali Bob Simmons, mchezaji wa matukio ya hatari.

Kuanzia hapo mpangilio ukakomaa. Robert Brownjohn alitengeneza utangulizi wa From Russia with Love mwaka 1963 na wa Goldfinger mwaka 1964, akiyaangazia maandishi na picha juu ya miili ya wanawake. Binder alirudi na Thunderball mwaka 1965, akaendelea na kazi hiyo hadi Licence to Kill mwaka 1989. Vivuli vya watu wanaoogelea, bunduki zinazoelea, wimbo unaoimbwa na msanii mashuhuri, tarumbeta zinazopaa: mtazamaji akiviona na kuvisikia hivyo, alijua kwamba mbele kuna hatari, safari za mbali, na shujaa asiyetoka jasho.

Mzaha huanzia kwenye uzito

Hapo ndipo wachekeshaji walipopata mlango. Kitu kinachojulikana na kila mtu ndicho kinachoweza kufanyiwa mzaha, na kadiri kinavyojichukulia kwa uzito ndivyo kinavyokuwa chepesi kuangushwa.

Mwaka 1965 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha Get Smart, kazi ya Mel Brooks na Buck Henry. Katika mwanzo wake jasusi Maxwell Smart anatembea kwa hatua za kujiamini, milango mizito ya chuma ikifunguka mmoja baada ya mwingine mbele yake, hadi anaingia kwenye kibanda cha simu, anapiga namba, kisha sakafu inamwachia na kumdondosha. Hakuna neno lililosemwa. Milango inasema: hapa pana siri kubwa ya taifa. Kibanda cha simu kinasema: na siri hiyo wamekabidhiwa watu hawa.

Mwaka 1967 ilikuja Casino Royale, ile ya mzaha, isiyo ndani ya mfululizo rasmi wa Bond. Utangulizi wake ulichorwa kwa mkono na Richard Williams, herufi zikiwa zimerembwa kama za vitabu vya kale vya dini, huku muziki wa Burt Bacharach ukirukaruka kama wa gwaride la sherehe. Macho yanaona heshima, masikio yanasikia utani. Mgongano huo kati ya jicho na sikio ndio chombo kikuu cha utangulizi wa aina hii, nami naona hata filamu zenye bajeti kubwa zaidi leo hazijapata kilicho bora kuliko hicho.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 1996. Filamu ya Spy Hard, iliyochezwa na Leslie Nielsen, inaanza kwa maji ya rangi na vivuli vya waogeleaji, kwa namna ileile ya Thunderball. Mwimbaji ni "Weird Al" Yankovic, mtu aliyejijengea jina kwa kuzigeuza nyimbo za wengine kuwa vichekesho. Anaimba kwa dhati kabisa, bila kukonyeza jicho. Mwishoni anaishikilia noti ya mwisho, anaendelea kuishikilia, uso unavimba, na kichwa chake kinalipuka.

Mzaha huo una kisa nyuma yake. Tom Jones, aliyeimba wimbo wa Thunderball, amesimulia kwamba aliishikilia noti ya mwisho kwa muda mrefu hata chumba kikamzunguka. Asiyejua kisa hicho atacheka kwa sababu kichwa kimelipuka. Anayejua atacheka mara mbili. Utangulizi mzuri huwahudumia wote wawili bila kumtenga mmoja.

Waingereza walifuata njia ya utulivu zaidi. Johnny English ya mwaka 2003, iliyochezwa na Rowan Atkinson, iliandikwa na watu watatu, na wawili kati yao, Neal Purvis na Robert Wade, walikuwa wameandika filamu za Bond zenyewe. Walijua hasa wanachokitania. Tunamwona English akiwa jasusi mkamilifu, hodari kupita kiasi, kisha tunagundua kwamba alikuwa akiota. Wimbo wa filamu aliimba Robbie Williams, nyota halisi, kama ambavyo Bond angeimbiwa. Ufundi upo kwenye kutobadili chochote isipokuwa mtu aliyevaa suti.

Katika Spy ya mwaka 2015 mzaha unawahi hata kabla ya majina. Jasusi mtanashati, aliyechezwa na Jude Law, anamwelekezea bastola mtu pekee anayejua bomu la nyuklia limefichwa wapi. Anapiga chafya. Risasi inatoka. Kisha unaanza utangulizi wenye fahari zote za Bond, na wimbo mzito wa Ivy Levan. Mtazamaji aliyeiona chafya hawezi tena kuiamini fahari hiyo.

Sauti juu ya muziki

Sasa turudi kwenye chumba cha video. Filamu nyingi za kigeni zinazotazamwa na wasemaji wa Kiswahili huja zikiwa na sauti ya mtu mmoja anayetafsiri, kueleza na kuongeza ya kwake. Tanzania ilimjua Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu. Kenya inamjua DJ Afro. Uganda ina wasimulizi wake wa Kiganda. Wengi wao hutumia dakika za mwanzo kujitambulisha, kusalimu na kusifia kazi yao, na muziki wa asili hupunguzwa sauti ili wao wasikike.

Kwa filamu ya mapigano hasara yake ni ndogo. Kwa filamu ya kijasusi ya kuchekesha, kilichozimwa ni ule mgongano wa jicho na sikio. Msimulizi hodari hulihisi pengo hilo na kulijaza: sauti yake inakuwa ya kuringa kupita kiasi, anamsifia shujaa kwa sifa zisizowezekana, na hadhira inanusa utani. Msimulizi asiye makini humtangaza Johnny English kama angemtangaza Rambo, na robo saa inapita kabla ukumbi haujaelewa kwamba mtu huyu hajui kazi.

Simu nazo zimeongeza mkato wao. Faili hupitishwa kutoka kadi moja ya kumbukumbu hadi nyingine, mara nyingine mwanzo ukiwa umepunguzwa ili filamu isichukue nafasi kubwa. Huko kwenye huduma za intaneti, Netflix ilileta mwaka 2017 kitufe cha kuruka utangulizi.

Mtu anaweza kuuliza kama jambo hili lina uzito wowote kambini, mahali palipopangwa kwa ajili ya watu wapatao 10,000 na sasa panapoishi zaidi ya 50,000. Lina uzito kwa sababu ya watu wenyewe. Wengi wametoka mashariki mwa Kongo, Burundi na Rwanda. Mwanamume mwenye bastola mlangoni, afisa anayegeuza geuza kitambulisho, gari linalokufuata: hivyo ndivyo vifaa vya kawaida vya filamu ya kijasusi, na kwa baadhi ya walioketi kwenye mabenchi ni kumbukumbu. Ili vichekeshe, kwanza lazima mtu apewe ruhusa ya kucheka, na apewe mapema. Mtoto aliyezaliwa kambini huenda asiihitaji ruhusa hiyo, lakini mzazi aliye kando yake huenda akaihitaji sana.

Nchi yenyewe ina historia yake. Dzaleka ilikuwa jela katika utawala wa Kamuzu Banda, ikijulikana kwa kufungiwa wapinzani wa kisiasa, kabla ya kugeuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Sheria ya mwaka 1968 iliweka filamu na maonyesho chini ya udhibiti wa serikali, na televisheni ya taifa haikuanza hadi mwaka 1999. Wamalawi wa umri mkubwa wanaokaa Kauma leo walikulia katika nyakati ambazo mtu aliangalia nyuma kabla ya kusema. Kwao pia neno jasusi halikuanza kama mzaha.

Johnny English Reborn ya mwaka 2011 inatuletea jambo hilo hadi mpakani. Humo English amefedheheka kwa sababu ya kazi iliyoharibika Msumbiji, ambako kiongozi aliyepaswa kulindwa aliuawa. Mtazamaji wa London anaisikia Msumbiji kama jina la mbali linalofaa kwa aibu ya jasusi. Malawi iliwapokea Wamsumbiji wapatao milioni moja waliokimbia vita vya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo jina hilo halielei hewani namna hiyo. Msimulizi wa Kiswahili akifika hapo ana uamuzi wa kufanya: aliseme, alipite haraka, au aligeuze kuwa utani juu ya English peke yake. Binafsi ningechagua hilo la mwisho, maana ndilo lililo karibu na nia ya filamu: anayechekwa ni bwana mkubwa aliyetumwa, si nchi aliyotumwa.

Kampala imekwenda mbali zaidi ya hapo. Katika Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, iliyotengenezwa na Nabwana I.G.G. katika mtaa wa Wakaliga, sauti ya VJ Emmie inaandamana na picha kuanzia mwanzo. Yeye hushangilia, hutania, huitangaza filamu ndani ya filamu yenyewe, na mapigano ya damu yanageuka kicheko kabla risasi haijalia. Nakala isiyo na sauti yake haikuhifadhiwa. Anayeitazama leo, popote alipo, anaipokea kwa mdomo wa VJ Emmie, na cheo anachojiita kwa kazi hiyo maana yake ni mtania-video.