Mweso: Kilalo cha magogo kinapopinda, nini kinatokea ndani ya mti?

Kwenye njia inayotoka Goma kupitia Sake na Kitshanga hadi Mweso, kisha Kashuga, Kalembe na Pinga, madereva wa malori wana desturi moja. Wakifika kwenye kilalo cha magogo, wanashuka kwanza, wanaangalia, wanakanyaga mbao kwa mguu. Lori linapopita, watu husimama pembeni wakitazama namna gogo linavyopinda. Likipinda kidogo, wanapumua. Likipinda sana, wanashika vichwa.

Kwa wakaaji wa Mweso, katika chefferie ya Bashali, teritwari ya Masisi, hilo si jambo dogo. Maharagwe na mihogo hutoka kwa njia hiyo. Chumvi, mafuta na dawa za hospitali kuu huingia kwa njia hiyo. Kilalo kimoja kikivunjika, bei sokoni hupanda, na mgonjwa anayetoka upande wa Walikale hubebwa kwa machela au kwa pikipiki.

Lakini je, kupinda kwa gogo kunaonyesha kweli kwamba linakaribia kuvunjika? Jibu liko katika mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Wanafunzi wa ufundi huyasoma kwa Kifaransa kama « contrainte » na « déformation ». Kwa Kiswahili tunaweza kusema mkazo na mnyumbuko.

Mkazo hauonekani, mnyumbuko unaonekana

Mkazo ni nguvu inayobebwa na kila sehemu ndogo ya kitu. Ukitundika mzigo wa kilo 100 kwenye kamba yenye unene wa sentimita 1 ya mraba, mkazo ni kilo 100 kwa kila sentimita ya mraba. Ukiweka kamba mbili za namna hiyo, mzigo ni uleule, lakini mkazo unashuka hadi kilo 50. Hakuna jicho linaloweza kuuona mkazo. Unapatikana kwa hesabu.

Mnyumbuko ni jibu la kitu chenyewe: kimebadilika kiasi gani kikilinganishwa na urefu wake wa mwanzo. Kamba ya mita 4 ikirefuka milimita 4, mnyumbuko wake ni sehemu moja kwa elfu. Huo unaweza kupimwa kwa rula.

Mwingereza Robert Hooke aliandika mwaka wa 1678 kwamba kitu kinachovutwa hurefuka kwa kadiri ya nguvu inayokivuta. Katika miaka ya 1820, Mfaransa Augustin-Louis Cauchy ndiye aliyeweka wazi hesabu ya mkazo kama inavyofundishwa hadi leo.

Mpira na chuma

Mfano uko kwenye kila chukudu na kila pikipiki ya Masisi. Kamba za mpira zilizokatwa kutoka matairi ya ndani ya zamani hufunga mizigo. Mtu mmoja anaweza kuvuta kamba hiyo kwa mkono hadi ifikie urefu mara mbili. Mnyumbuko ni mkubwa sana, lakini mkazo ni mdogo.

Chuma ni kinyume. Kamba ya chuma ikirefuka milimita 1 tu kwa kila mita, jicho halioni kitu, lakini ndani yake kuna mkazo wa karibu kilo 2.000 kwa kila sentimita ya mraba. Mti uko katikati: kwa mkazo uleule, mti hunyumbuka karibu mara 20 kuliko chuma.

Kwa hiyo, kupinda peke yake hakutoshi kutoa hukumu. Lazima kujua ni kitu gani kinapinda, na kina unene gani.

Gogo la sentimita 30 na la sentimita 20

Tuchukue gogo la mkaratusi linalovuka mto wenye upana wa mita 5. Katikati yake linabeba tani 2, yaani sehemu yake ya uzito wa lori. Gogo likiwa zima, na kipenyo cha sentimita 30, litashuka karibu milimita 13 katikati. Mkazo upande wa chini, pale mti unapovutwa, ni kama kilo 95 kwa kila sentimita ya mraba.

Sasa tuweke gogo la sentimita 20. Mto ni uleule, lori ni lilelile. Gogo litashuka karibu milimita 65, na mkazo utafika kama kilo 320. Unene umepungua kwa theluthi moja tu, lakini mkazo umezidi mara tatu, na kupinda kumezidi mara tano.

Hapo ndipo hatari ya Mweso ilipo. Mvua ni nyingi, na vilalo vingi hufunikwa na udongo unaoshika maji. Gogo la sentimita 30 likioza sentimita 5 kuzunguka pande zote, kwa macho bado ni kubwa, lakini kwa kazi limebaki gogo la sentimita 20. Dereva anayesema « jana nilipita hapa na mzigo huuhuu » anasema kweli. Uzito haujabadilika. Kilichobadilika ni mti uliobaki wa kuubeba.

Kinachorudi na kisichorudi

Kila kitu kina mpaka wake. Chini ya mpaka huo, gogo hupinda lori linapopita, kisha hurudi mahali pake. Mpaka ukivukwa, nyuzi za mti huanza kukatika na gogo linabaki limeshuka, kama tumbo. Hata mzigo usiozidi kipimo, ukikaa juu ya mti kwa siku nyingi, huufanya ushuke polepole. Ndiyo maana si vizuri kuacha lori lililokwama lilale juu ya kilalo.

Kamati za vijiji zinazotengeneza vilalo zinaweza kutumia uzi tu. Uzi hufungwa kutoka kichwa kimoja cha gogo hadi kingine na kukazwa vizuri, kisha nafasi kati ya uzi na mti hupimwa katikati kabla lori halijapita na baada ya kupita. Vipimo vikilingana, gogo limerudi. Visipolingana, au vikizidi wiki hadi wiki, gogo linadai kubadilishwa.

Uzi hauonyeshi kila kitu: gogo lenye kifundo au ufa linaweza kukatika ghafla. Kwa hiyo panga au mtalimbo lazima uchome mti kwenye vichwa, pale unapolala juu ya udongo, ili kuona kama ndani kumekuwa laini.

Na kilalo kikitiliwa shaka, dawa ya haraka ni ileile ambayo wapakiaji wa njia ya Pinga wanaijua: kushusha nusu ya mzigo na kuuvusha kwa mabega au kwa chukudu. Uzito wa lori lote ukipungua nusu, mkazo nao unapungua nusu, hata kama gogo ni lilelile.