Ujumuishi Unaanzia Kwenye Makalio

Ukikiona kwa mbali utadhani ni kiti cha mbao. Sivyo: ni maboksi na magazeti ya zamani, pengine hata haya tunayoyaandika sisi. Kipo kwenye kituo cha kulelea watoto mchana, Mbagala, Dar es Salaam. Mlezi aliyekitengeneza, ambaye watoto humwita Anti, hakutaka jina lake litajwe. Alitaka kiandikwe kiti.

Nami nakiandika. Kwanza mtoto hupimwa: upana wa nyonga, kutoka makalioni hadi nyuma ya goti, kutoka gotini hadi kisiginoni. Maboksi hukatwa na kubandikwa moja juu ya jingine kwa gundi ya unga wa ngano, uliopikwa kama uji. Juu yake huja magazeti yaliyochanwa kwa mkono, maana ukingo uliochanika hushika kuliko uliokatwa kwa mkasi. Kila tabaka lianikwe likauke. Ukiharakisha, ukungu unaota kwa ndani. Mwisho ni rangi ya mafuta na vanishi, kwa sababu mtoto atamwaga uji, atadondosha udenda na atakojoa. Mbele kina meza ndogo, na katikati ya mapaja kigingi cha kuzuia miguu isipishane. Ufundi huu aliuendeleza mwalimu Bevill Packer nchini Zimbabwe.

Kuna jambo ambalo Anti hachoki kulirudia: mtoto mwenye utindio wa ubongo akilishwa amelala, chakula humpalia, kinaingia mapafuni, anaugua kifua, na mama anaacha kumleta. Akiketi wima anameza, mikono inakuwa huru, na anawaona wenzake wakicheza. Kwake, ujumuishi unaanzia kwenye makalio.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, na programu ya taifa ya malezi na makuzi ya awali ilizinduliwa Desemba 2021. Lakini Anti anauliza swali la chini zaidi: nani atamlipa mlezi wa pili? Kumlisha mtoto mmoja wa namna hii huchukua hata nusu saa, na wengine wanalia. Ampandishie mama ada? Mama mwenyewe anaishi kwa kibarua. Wapo watakaouita huo moyo wa huruma; mimi naona mzigo aliotwishwa mtu mmoja. Tena mtoto anakua, kiti kinambana, inabidi kuanza upya.

Ukipita kituo cha mtaani kwako, uliza kama wanampokea mtoto asiyeweza kuketi mwenyewe. Wakisema hapana, waulize wanakosa nini.