Bibi wa Hudhurungi na Picha ya Ngazini

Pengine, ndugu msomaji, umewahi kuiona picha hii. Ni ngazi pana ya mbao katika jumba la kale, na ngazini pana kitu cheupe mfano wa mwanamke aliyejitanda shela, anashuka. Uso haujulikani, na vipandio vya ngazi vyaonekana kupitia mwilini mwake. Wengi huitaja kuwa ni ushahidi usiopingika: mtu huweza kusema uwongo, lakini kamera haina ulimi.

Jumba hilo ni Raynham Hall, lililoko Norfolk, mashariki ya Uingereza, la ukoo wa Townshend tangu lilipoanza kujengwa mwaka 1619. Tarehe 19 Septemba 1936, yapata saa kumi alasiri, wapiga picha wawili wa London, Kapteni Provand na Indre Shira, walikuwa wakilipiga picha. Provand ameingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi cha kamera. Ghafla Shira akapiga ukelele kwamba kuna kitu kinashuka. Provand akafungua lenzi, Shira akawasha taa. Provand mwenyewe hakuona kitu! Picha iliposafishwa, mzuka huyo hapo. Jarida la Country Life likaichapisha tarehe 26 Disemba mwaka huo huo.

Sisi twaamini kwamba aliyekufa yuko barzakh, harudi kupanda na kushuka ngazi za watu. Basi wako watakaosema upesi, "Ni jini huyo," wamalize maneno. Lakini hata hilo ni kuwahi. Kwanza na itazamwe picha yenyewe.

Harry Price, mchunguzi wa mizuka aliyekuwa na jina kubwa zama hizo, aliwahoji wawili wale na kuikagua negativu, akasema haoni dalili ya ghushi. Price, hata hivyo, hakuwako ngazini. Waliokuja baadaye waliona kwamba juu ya kila kipandio umepita mstari hafifu wa pili, kana kwamba ngazi ni mbili zilizolaliana. Hiyo ni alama ya picha mbili kupigwa mahali pamoja, au kamera kutikisika. Wengine wakasema ni mafuta yaliyopakwa kwenye lenzi. Wengine, sanamu ya Bikira Maria iliyopachikwa. Mimi naliona la ngazi mbili kuwa ndilo lenye nguvu, maana mzuka hauna haja ya kuzidisha vipandio.

Linalonikera ni jingine. Huyo anayeitwa Bibi wa Hudhurungi, kwa sababu ya rangi ya nguo yake, alikuwa mtu. Alikuwa Dorothy Walpole, aliyezaliwa 1686, dada yake Robert Walpole anayehesabiwa kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uingereza. Mwaka 1713 aliolewa na Charles Townshend, bwana aliyekwisha kufiwa na mke wa kwanza. Akafa mwaka 1726, na iliyoandikwa ni kwamba alikufa kwa ndui, maradhi yaliyomaliza watu wengi mno, hata huku kwetu Pwani.

Lakini ndui haina ladha barazani. Yakazuka maneno: mume alimfungia chumbani kwa wivu wa mahaba ya zamani, akamnyima kuwaona wanawe, hata mauti yakamfika humo. Mwaka 1835 mgeni mmoja, Kanali Loftus, akasema amemwona hana macho, matundu matupu. Kisha pakaja kisa cha Kapteni Marryat, mwandishi wa hadithi za bahari, kwamba alimfyatulia bastola, risasi ikakwama mlangoni. Nani aliyekieneza kisa hicho? Ni binti yake, kitabuni mwaka 1891, baba mtu akiwa amekwisha kufa tangu 1848.

Hivyo yapata miaka 100 kabla ya kamera kufika, mashtaka juu ya marehemu na mumewe yalikuwa tayari, bila shahidi wa kuulizwa. Picha ilipotoka hakuna aliyeuliza ni ya nani. Jina lilikuwa likingoja. Kaka mtu anatajwa kwa uwaziri wake, mume kwa kilimo chake, na Dorothy kwa ukungu ulio ngazini.