Kamati ya Msaada Chuoni na Lugha ya Dhiki

Katika vyuo vingi vya Marekani kuna kamati ndogo ambayo kazi yake ni kupokea habari za wanafunzi waliopatwa na dhiki, kuzipima, na kuamua ni nani atakayekwenda kuzungumza na kila mmoja wao. Wajumbe hutoka katika ofisi ya mshauri wa wanafunzi, mabweni, zahanati, na pengine polisi wa chuo. Kamati hiyo si hospitali wala si baraza la hukumu. Hutenda kazi yake kwa maneno ya watu, na kwa sababu hiyo yawahusu wataalamu wa lugha pia.

Haja ya kuyaunganisha maneno hayo ilidhihirika katika msiba wa Virginia Tech. Tarehe 16 Aprili 2007 mwanafunzi mmoja wa chuo hicho aliwaua watu 32, kisha akajiua. Tume iliyoteuliwa na Gavana wa Virginia ilitoa taarifa yake mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Ilibainika kwamba tangu 2005 walimu walikuwa wameshtushwa na maandishi yake, wasimamizi wa mabweni waliujua mwenendo wake, polisi walikwisha kupokea malamiko, na hakimu alikwisha kuamuru atibiwe. Kamati ya msaada ilikuwapo. Lakini kila ofisi ilishika kipande chake, wala hapakuwa na aliyeviunga vipande hivyo. Tena wengine walidhani kwamba sheria ya siri ya mwaka 1974 yawafunga vinywa, ijapokuwa sheria hiyo yahusu kumbukumbu zilizohifadhiwa na chuo, wala haimkatazi mwalimu kueleza aliyoyaona kwa macho yake. Mwaka 2008 jimbo la Virginia lilitunga sheria iliyovitaka vyuo vyake vya umma viwe na kamati za kupima vitisho.

Hata hivyo, dhiki si kitisho. Wanafunzi walio wengi katika dhiki hawamtishi mtu. Aliye hatarini, akiwapo, mara nyingi ni mwenye dhiki mwenyewe. Hapo ndipo uzito wa neno uonekanapo. Mwalimu aandikapo, “Kijana huyu ana wazimu,” amekwisha kuhukumu, na huenda hukumu yake ikamfikisha kijana mikononi mwa polisi bila sababu. Aandikapo, “Hakuhudhuria darasa kwa majuma matatu, na juzi alisema amechoka kuishi,” ameeleza jambo ambalo kamati yaweza kulishughulikia siku ile ile. Kwa hiyo mleta habari hutakiwa ataje lililoonekana, lililosikiwa, na siku yake.

Miongoni mwa wanafunzi wa vyuo hivyo wamo waliolelewa kwa Kiswahili, kutoka Kenya, Tanzania na Kongo. Kwao shida yaongezeka. Asemaye “nina mawazo” hasemi kwamba anafikiri; asema kwamba amelemewa. Neno hili likifasiriwa kwa maana yake ya kwanza tu, dhiki yake yapotea katika tafsiri. Kadhalika “moyo mzito” si ugonjwa wa moyo. Wataalamu wanalo neno “sonona,” lakini mgonjwa mwenyewe ni nadra kulitamka. Yeye husema “nimechoka” tu.

Hata jina la huduma yenyewe lataka kuangaliwa. Katika “ushauri nasaha,” shauri ni mazungumzo ya pande mbili, bali nasaha huteremka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Mwanafunzi aliyeitwa kupewa nasaha aweza kudhani kwamba anakwenda kuonywa, naye asiende. Neno “siri” nalo lina mipaka: msikilizaji hapaswi kuahidi kwamba hatamwambia mtu yeyote, kwa kuwa uhai ukiwa hatarini itambidi aseme.

Basi watungaji wa kamusi wana kazi hapa. Maana hizi za mawazo, uchovu na moyo mzito zastahili kuandikwa waziwazi pamoja na mifano yake, ili mkalimani aketiye kati ya kamati na mwanafunzi asiipunguze dhiki aliyokabidhiwa.