Tumbo na Jasho: Usomaji wa Pamoja wa Riwaya ya The Jungle kwa Mtazamo wa Kisiasa

Makala haya yanajadili jinsi riwaya inavyoweza kuzaa sheria ambayo mwandishi wake hakuikusudia. Mfano wetu ni The Jungle ya Upton Sinclair, iliyotoka kwa mfululizo mwaka 1905 katika Appeal to Reason, gazeti la kisoshalisti la Marekani, kisha ikachapishwa kama kitabu mwaka 1906.

Mhusika mkuu, Jurgis Rudkus, ni mhamiaji kutoka Lithuania anayefanya kazi katika viwanda vya nyama vya Chicago. Anaumia kazini, anapoteza nyumba, mke na mtoto, na hatimaye anaukumbatia usoshalisti. Kurasa zinazoeleza uchafu wa nyama ni chache zikilinganishwa na zile zinazosawiri mateso ya wafanyakazi. Hata hivyo, ni hizo chache zilizoutikisa umma. Rais Theodore Roosevelt alituma wakaguzi Chicago, na tarehe 30 Juni 1906 akatia saini sheria mbili: ya ukaguzi wa nyama, na ya usafi wa vyakula na dawa. Mlaji alipata kinga. Akina Jurgis hawakupata. Sheria ya shirikisho iliyolinda haki ya wafanyakazi wa viwandani kuunda vyama ilipitishwa mwaka 1935, na ya kima cha chini cha mshahara mwaka 1938. Sinclair mwenyewe alisikitika kwamba alikusudia kuigusa mioyo ya watu, akayagusa matumbo yao.

Tunaona kwamba chanzo ni nafasi ya msomaji. Aliyeisoma riwaya akiwa mezani kwake alijiona mlaji kabla ya kumwona mchinjaji. Hapo ndipo usomaji wa pamoja unapohitajika. Mfanyakazi, daktari wa mifugo, mwanasheria na mchumi wakikisoma kitabu kimoja, kila mmoja huliona jeraha ambalo mwenzake amelipita.

Usomaji huo humhoji mwandishi pia. Sinclair anawatetea wahamiaji wa Ulaya, lakini anawasawiri kwa dharau ya kibaguzi wafanyakazi Weusi walioletwa kuvunja mgomo. Msomaji anayeshabikia msimamo wake huweza kulifumbia macho doa hilo. Kundi lenye sauti tofauti haliliachi lipite.

Hivyo basi, mshauri wa sera anayetumia fasihi kama ushahidi asiishie kuuliza kitabu kimeleta sheria gani. Aulize pia: ni malalamiko ya nani, yaliyomo katika kitabu hichohicho, ambayo sheria imeyaacha bila jibu?